Kofia Mbili za Njano

Jumatatu, 3 Machi

Nimerudi kazini. Tangu ile mashine ya kukata majani irushe kokoto na kulizima jicho langu la kushoto nimekaa nyumbani hadi nikazeeka. Bwawa ni lile lile. Klorini, kelele za watoto, vigae vilivyolegea pale kwenye bafu. Nikapanda kiti cha mwokoaji — nusura nianguke! Mguu ulitafuta ngazi ukakuta hewa. Samaki, mwenzangu wa zamu, akajifanya anakunja taulo. Namshukuru.

Lakini ngazi si kitu. Ni maji yanayonitisha. Zamani nilikuwa nikilitazama bwawa mara moja tu, nageuka, na bado ninalo kichwani: mwenye kofia nyekundu yuko kule kwenye kina kirefu, wale ndugu wawili wako kwenye kamba, yule mwoga kang'ang'ania ngazi. Kila mtu mahali pake. Leo vichwa vyote vilikuwa kama vimebandikwa ukutani. Nikigeuka tu, sina tena hata kimoja. Nikigeuka tena naanza upya.

Sijamwambia mtu. Labda ni ugeni tu.

Jumatano, 5 Machi

Kwa daktari wa macho. Nilimweleza kila kitu, nikitegemea atanicheka. Hakucheka. Anasema macho mawili ndiyo yanayopanga vitu, hiki karibu, kile mbali, na akili huvibeba vikiwa vimepangwa hivyo hivyo. Jicho moja linaniletea vyote vimerundikana, basi akili inabeba vichache, vingine inaviacha njiani. Na kilicho mbele ya pua ndicho kinachonyakua macho kwanza.

— Na walio nyuma, daktari?

Kasema nitazoea. Nichezeshe kichwa huku na huku, vya karibu vitasogea zaidi ya vya mbali, ndivyo nitakavyovitenganisha. Lini nitazoea? Kasema miezi, watu hutofautiana. Kuhusu kazi akasema niamue na mwajiri.

Jioni mume wangu akataka kuona kwa macho yake. Akapanga vikombe mezani, vingine mbele, vingine nyuma kabisa karibu na ukuta. Nitazame, nifumbe, aondoe kimoja. Vya mbele sikukosea. Vya nyuma — ovyo kabisa! Akajaribu yeye, akapata vyote, akajisifu kama kawaida yake. Nikamwambia azibe jicho moja. Akaziba. Akakosea, akarudia, akakosea tena.

Hakutania tena. Alivirudisha vikombe kabatini, na mimi nikaenda kulia bafuni.

Ijumaa, 7 Machi

Nachezesha kichwa kitini kutwa nzima. Watoto wameshanipa jina: Mama Hapana. Kila wakipita chini ya kiti wanatikisa vichwa na kufa kwa kicheko. Nikacheka nao. Shingo inauma, ila kweli inasaidia kidogo.

Mume wangu kaleta tena habari ya mimi kuhamia dirisha la tiketi. Anasema pale watu wanakuja mmoja mmoja. Nimemjibu vibaya. Mimi ni mwokoaji! Watoto watatu nimewatoa majini kwa mikono hii, na wote wako hai. Nikikaa dirishani nitakuwa nani?

Baadaye nilimwomba radhi. Kasema hana kinyongo. Anaogopa tu, na mimi pia naogopa.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika haraka, mwandiko utakuwa kama wa kuku. Niko kwenye benchi la chumba cha kubadilishia nguo.

Asubuhi, darasa la kuogelea, kundi la kwanza. Samaki hajatokea, niko peke yangu. Chini yangu kuna mvulana anahangaika na miwani yake ya kuogelea, anarusha maji hadi miguuni kwangu. Nikamtazama yeye. Nikainua macho — kwenye kina kirefu kuna kofia moja ya njano. Si zilikuwa mbili? Nikalitafuta lile bwawa la kichwani. Halipo! Nikachezesha kichwa. Moja.

Nikapuliza kipenga, nikajitupa.

Walikuwa wasichana wawili, mmoja nyuma ya mwenzake. Wazima. Wananishangaa, mimi na nguo zangu zote majini. Mama mmoja alikuwa amekimbia hadi ukingoni analia, kumbe wa kwake yuko bafuni. Baba mwingine akauliza kwa sauti ni nani aliyempa kazi kipofu.

Meneja hakunifokea. Afadhali angefoka. Kanipa taulo, kasema taratibu:

— Pole, mama. Kundi la pili liko tayari. Ila safari nyingine uwe na uhakika kwanza, ndipo upulize.

Uhakika! Niutoe wapi? Zamani shaka ilinijia kwa nadra, nikawa naiamini. Sasa kila nikigeuza kichwa nina shaka. Nikipuliza kila mara, hakuna atakayeogelea. Nikisubiri uhakika, nitakuja kuupata mtoto akiwa ameshalala chini kwenye vigae.

Nimemwambia asiwaingize majini mpaka Samaki afike. Mara ya kwanza kukataa kiti tangu nianze kazi hii. Imeniuma, lakini nimesema. Kasema sawa, ngoja ampigie simu. Namsikia pale nje, anaongea, anacheka na mtu. Watoto nao nawasikia — wanapiga kelele, wanasukumana. Nani anawazuia?

Chubwi!

Mtu kajirusha. Mmoja — au wawili pamoja?

Meneja bado yuko kwenye simu. Nani yuko kitini —