Majina Yaliyoandikwa kwa Sikio

Kambini, Kasulu
9 Februari 1997

Mdogo wangu Fidele,

Amahoro. Mimi ni mzima, ila kifua hakijatulia tangu mvua zile. Wewe je, hiyo Kibondo inakulisha?

Sijui nianzeje. Ndihokubwayo hayupo. Siku tulipovuka mto Malagarasi risasi zililia, watu wakatawanyika, mkono wake ukanitoka. Ana miaka tisa sasa, na lile kovu la moto shingoni unalijua. Tangu baba yake auawe, ndiye niliyebaki naye.

Athuman, dereva wa lori la mahindi anayekuletea barua hii, ameniambia unachapa kwenye ofisi ya watu waliopotezana, na kwamba kompyuta yenu ina majina ya kambi zote. Iulize mwanangu yuko wapi.

Dada yako,
Uwimana


Kibondo
20 Februari 1997

Dada mpendwa,

Nilianza kuisoma barua yako nimesimama, nikaimaliza nimekaa. Hicho kifua usikiachie, nenda zahanati.

Niliandika jina la mtoto kama unavyoliandika wewe, kompyuta ikasema hakuna. Hilo lisikuvunje moyo. Majina haya yaliandikwa kwa sikio, na makarani wengi hawajui Kirundi. Yupo anayeacha h, yupo anayeandika bg badala ya bw, na wengine wametanguliza jina la ubatizo. Kwa hiyo natumia kiolezo cha herufi. Naiambia mashine: tafuta chochote, kisha Ndi, kisha chochote, kisha kub, kisha chochote, kisha yo.

Taabu ni kwamba inayapitia majina yote, moja baada ya jingine, na kwa kila jina inajaribu, inakwama, inarudi nyuma herufi kwa herufi na kujaribu tena. Adhuhuri jenereta inazimwa ili kubana dizeli, kazi ikiwa katikati. Kesho yake naanza upya. Nilimwomba mkubwa wetu aniongezee muda, akaniambia kwa upole kwamba kila mzazi angeomba hivyo.

Mdogo wako,
Fidele


Kambini, Kasulu
14 Machi 1997

Musaza wanje,

Nakusalimu sana, ndugu yangu. Zahanati wamenipa vidonge, nalala kidogo.

Hicho kiolezo sikielewi, ila kutafuta huku unarudi nyuma nakuelewa. Mimi kila siku narudi mtoni.

Athuman anasema huko kwenu familia nyingine zimeanza kurejea Burundi, na watoto wanaondoka na yeyote anayewalisha. Niliomba kibali cha kuja Kibondo. Ofisa akasema mkimbizi hatoki kumtafuta mtu bila kuonyesha alipo mtu huyo.

“Ningejua alipo,” nikamwambia, “nisingekuwa natafuta.”

Akaniangalia, akamwita aliyekuwa nyuma yangu. Fidele, najua unafanya. Fanya haraka.

Dada yako,
Uwimana


Kibondo
2 Aprili 1997

Dada,

Salamu nyingi. Kabla hujaendelea, mwite mtu akae nawe.

Alikuja fundi wa kompyuta kutoka Dar, anaitwa Twalibu. Nilimwonyesha kiolezo changu, akasema, “Umeiambia ianze na chochote, kwa hiyo haina pa kuanzia.” Tukalitenga jina la ukoo mahali pake, tukaondoa kila h, kila bg tukaigeuza bw, kisha tukayapanga yote kwa alfabeti na kuyawekea faharasa, kama ile ya nyuma ya kitabu. Sasa mashine inakwenda moja kwa moja kwenye majina yanayoanza na Ndi, mengine haiyagusi. Nilibonyeza nikageuka kuchukua kalamu, nikijua nitangoja. Nilipotazama tena, jibu lilikuwa pale.

Karani alikuwa ameandika Ndiokubgayo. Miaka tisa. Kovu la moto shingoni.

Alikuwa hapa, dada, kwenye kambi ninayoiona nikitoka ofisini. Familia iliyomwokota ilijiandikisha kurejea, na wiki iliyopita walivuka naye kuelekea Ruyigi, kwetu Burundi. Upande ule hatuna mtu wala redio. Nilimwuliza Twalibu kama liko jambo jingine la kufanya. Akasema mashine imeshasema yote inayoyajua.

Nisamehe.

Mdogo wako,
Fidele


Kambini, Kasulu
11 Aprili 1997

Musaza wanje,

Barua nimeipata. Ninakula, usihangaike. Aliyeliandika lile kovu alimwona kwa macho yake, basi yu hai. Hukukosea kitu, usijitese.

Jirani yangu Ndayikunda amepotezana na binti yake, Mpawenimana. Mtafute leo, kabla naye hajaondoka.

Dada yako,
Uwimana


Kibondo
30 Mei 1997

Dada,

Natumaini u mzima. Barua hii nimempa padri anayevuka, sijui itakukuta wapi.

Mpawenimana alipatikana asubuhi ileile nilipopata barua yako, sasa yuko kwa mama yake. Nilikuandikia kukupa habari hiyo, kimya. Nikaandika tena. Juzi Athuman aliniambia kwamba katika nyumba yako ya turubai wanakaa watu wengine.

Nikarudi ofisini, nikaandika Uwimana. Jibu lilikuja papo hapo: amejiandikisha kurejea, peke yake, kuelekea Ruyigi. Wakati ule wenzangu walikuwa wanamwonyesha mgeni jinsi mashine yetu ilivyo na kasi siku hizi. Nilitoka nje.

Wanaovuka kuja huku wanasema barabara za Ruyigi bado si salama. Umempata? Mnalala wapi?

Leo asubuhi nimeliandika tena jina lako. Jibu halijabadilika.

Mdogo wako,
Fidele