Baba na Mume Wangu Wamewekeana Mpaka Jikoni kwa Ajili ya Pilipili

Mama Mshauri, shikamoo. Nisaidie mwanao kabla sijahama nyumba yangu mwenyewe, maana huku kwangu hakukaliki, na kisa chenyewe nikikitaja watu wanacheka, nawe cheka ukitaka, ila ukimaliza unisaidie.

Mimi ni mke wa mtu, nafanya kazi ya mapokezi kwa daktari wa meno, mume wangu ni fundi wa mafriji, na tulikuwa na amani yetu, hatuna makuu. Mwaka huu baba yangu mzazi amestaafu akaja kukaa nasi, na hapa nieleze kidogo, baba alikuwa mpima ardhi, kazi ilimpeleka mbali tangu sijaota meno, huko kwa watu wenye Kiswahili chao, akawa anakuja likizo tu na magauni yasiyonienea kwa sababu kila safari alikuwa ananikadiria kwa umbo la likizo iliyopita. Kwa hiyo baba nimempata ukubwani, na siku aliposhusha begi mlangoni nililia, nikasema sasa na mimi nina baba wa kila siku.

Amani ilidumu mpaka baba alipouliza mezani pilipili iko wapi. Mume wangu akainuka kwa madaha, akafungua friji, akatoa chupa yake. Yeye pilipili anaichemsha na nyanya na kitunguu saumu, anaisaga kwenye blenda, anachuja mbegu zote, anatia siki, anaijaza chupani na kuilaza kwenye friji, na anajivunia chupa hiyo kuliko cheti chake cha ufundi. Baba akaonja, akaweka kijiko chini taratibu, akauliza, "Mkwe, hii ni pilipili au ni supu ya mgonjwa?"

Mume wangu akacheka, akasema, "Baba, siri yake ni hoho. Natia hoho nne, tena kubwa, ili isiwashe sana."

"Unatia hoho ili isiwashe?"

"Ndiyo, Baba. Hoho inapoza."

Baba akanigeukia mimi. "Mwanangu, umeolewa na mtu anayezima moto kwa petroli."

Kesho yake akaenda sokoni mwenyewe, akarudi na kifurushi cha gazeti, akaniomba kinu, akajifungia jikoni akaponda huku amekifunika kinu kwa kitambaa isimrukie machoni, akatoka na pilipili mbichi isiyojua moto, akaianika juani dirishani, na mezani akatangaza, "Pilipili ni hoho, chumvi na ndimu. Basi. Ukiichemsha umeiua, ukiitia kwenye friji umeizika." Sasa Mama Mshauri, kumwambia hivyo fundi wa mafriji ni kumtukania kazi, nikaona mishipa ya shingo inamsimama mume wangu, lakini akajikaza akasema tu, "Hoho, chumvi na ndimu? Baba, hiyo si ni saladi?"

Neno saladi ndilo lililotufikisha hapa. Baba aliinuka bila kumaliza chakula, akaenda kwenye begi lake, akatoa futi yake ndefu ya kazini na chokaa, akalipima jiko langu kona hadi kona, akapiga mstari sakafuni, akasema huku ni kwake na kule ni kwa mkwe na hakuna kuvuka bila ruhusa. Kwa kuwa alipima kwa haki, maana kazi yake aliifanya kwa haki maisha yote, bomba la maji likaangukia kwa mume wangu na jiko la gesi likaangukia kwake. Sasa mmoja ana maji hana moto, mwingine ana moto hana maji, na mimi ndiye ninayevuka mpaka na sufuria mchana kutwa, mmoja ananiuliza natoka wapi na mwingine ananiuliza naenda wapi.

Siku moja baba akaniagiza nikitoka kazini nimpitie hoho sokoni. Nikamchagulia hoho safi, za kijani, nene, zinang'aa. Akaziangalia akasema, "Nimekuagiza hoho, umeniletea maputo?" Nikadhani anazisema ukubwa, nikarudi nikamchagulia zilizo ndogondogo, na hapo akanitazama kwa huzuni ambayo sijawahi kuiona, akasema, "Kumbe na wewe umeshahamia upande wake." Nikabaki nimeshika mfuko.

Kazini nako mambo yameharibika. Juzi asubuhi niliosha kinu cha baba kabla sijatoka, kufika kazini nikajisahau nikajipangusa macho, nikalia machozi pale mapokezi, si kulia kwa kawaida, kulia kwa kwikwi, nimeinama juu ya meza, na wagonjwa waliokuwa benchini wakisubiri kung'olewa wakatazamana, wawili wakainuka wakaenda zao na meno yao. Daktari ameniuliza kama nina matatizo nyumbani. Nikasema pilipili. Amenipa likizo nipumzike, nadhani hakunielewa.

Nikaona nimwite mwenyekiti wa wapangaji wa jengo letu atupatanishe, ni mtu mwenye busara na sauti nzito, akaanza vizuri kwa kusema mafahali wawili hawakai zizi moja, kisha akaomba aonje zote mbili ili aamue kwa haki. Ya mume wangu akaonja akatikisa kichwa. Ya baba akachota kijiko kizima, kwa sababu alishaambiwa ni saladi. Mama Mshauri, tangu siku hiyo mwenyekiti anazungumza kwa ishara za mikono, na kila upande unadai ishara zile zinauunga mkono.

Hapo ndipo mume wangu alipolisema lililovunja kila kitu. Alisema mbele ya mwenyekiti, "Hoho haiwezi kumfanya mtu hivi. Kuna kitu Baba anatia. Ndiyo maana anafunika kinu." Baba akasema, "Nimetia hoho tu." Mume wangu akasema, "Hoho tu haiwashi, hata mtoto anaila." Nikatamani Baba angefoka. Akasema kwa sauti ndogo, "Nimepima mashamba ya watu maisha yangu yote, hakuna aliyewahi kuniita mwongo. Nimekuja kuitwa mwongo kwa mwanangu." Ameshapanga begi, mwisho wa mwezi anakwenda kuishi kwa dada yake, na begi liko palepale mlangoni alipolishusha siku ile.

Mama Mshauri, mume wangu nampenda na baba nimempata juzi. Nakuomba utoe hukumu, pilipili ichemshwe au ipondwe, ikae friji au juani, mbegu zitolewe au zibaki, nami nitawabandikia ukutani, mwenye kushindwa akubali kushindwa. Nakuomba pia uniambie kwa siri, baba anatia nini?

Kuna jambo jingine dogo, sijui hata kama linahusu. Mimi mwenyewe sili pilipili, tangu utotoni, inanidhuru tumbo. Lakini baba akitengeneza yake, kabla hajajipakulia, ananiwekea mimi kwanza pembeni ya sahani, anasema, "Ya mwanangu hiyo," na mimi sijaweza kumwambia. Akigeuka tu naihamishia kwa mume wangu chini kwa chini, naye anaila yote huku anatokwa na jasho na kunong'ona kwamba haifai.

Ni mimi, wa Kati ya Bomba na Gesi.

*

Jibu

Wa Kati ya Bomba na Gesi, marahaba. Nimecheka, sitakuficha, na mhariri amecheka, na mpiga chapa amepitisha barua yako ofisi nzima. Tumemaliza. Sasa nisikilize, maana baadaye nitakufokea.

Wahenga walisema pilipili usiyoila yakuwashiani? Kumbe walikuwa hawajakutana na wewe. Huli pilipili, na imekutoa machozi, imekupa likizo usiyoiomba, imekugawanyia jiko, na sasa inataka kukuondolea baba. Pole sana mwanangu.

Unaniuliza baba yako anatia nini. Anatia hoho. Amekwambia, amemwambia mkwe wake, amemwambia mwenyekiti, na mzee wa watu hajasema uongo hata mara moja. Na mume wako naye anatia hoho, hajasema uongo hata yeye. Soma barua yako mwenyewe polepole. Baba yako umeniambia alikaa kwa watu wenye Kiswahili chao. Huko alikokaa, hoho ni ile nyembamba nyekundu inayowasha mpaka masikio yanasikia zaidi. Huko mliko, hoho ni ile nene tamu ya kukaangia, ambayo mtoto anaila kwa mkono. Mimi najua kwa sababu nilizaliwa kwa wanaosema hivi nikaolewa kwa wanaosema vile, na wifi yangu aliponiambia "tia hoho nyingi, wageni ni wengi," nilitii. Wageni wale hawajarudi mpaka leo.

Sasa rudisha kila neno mahali pake uone. Mume wako alisema anatia hoho nne ili isiwashe, baba yako akadhani amemwoza binti yake kwa mwendawazimu. Baba yako alisema pilipili ni hoho, chumvi na ndimu, mume wako akaona saladi. Baba alikutuma hoho ukamletea maputo, kisha ukamletea maputo madogo, na yeye akaona binti yake anamdhihaki. Mwenyekiti amepoteza sauti kwa ajili ya neno moja. Mpelekeeni maziwa ya baridi, na asiulizwe chochote mpaka apone.

Hapa ndipo ninapokufokea. Wewe ulikuwa unavuka ule mpaka mchana kutwa na sufuria mkononi. Ungefunua kile kitambaa mara moja tu, ukatazama ndani ya kinu, mambo yangeisha siku ileile. Ulibeba maji, ukabeba moto, ukabeba maneno ya huyu na ya yule, macho hukuyatumia ila kuyapaka pilipili. Na hukumu ya kubandika ukutani sikupi. Ikichemshwa inakaa, ikipondwa inanukia, mbegu zikibaki inawasha zaidi, na kila mtu ale ya kwake. Mume wako naye asijifanye. Anaipiga vita pilipili ya mzee mbele za watu, na ya kwenye sahani yako haijawahi kubaki hata chembe. Anasema anakuokoa. Mwambie Mama Mshauri amekataa.

Fanya hivi. Leo hii nenda sokoni, nunua ile nene na nunua ile nyembamba, ziweke kwenye sinia moja, ziweke mezani, waketishe wote wawili. Usihutubie. Waulize tu kwa pamoja, "Hoho ni ipi?" Waache wanyooshe vidole. Watakapoona vidole vimekwenda pande mbili, nyamaza, usicheke kabla ya baba yako. Kisha mume wako ainuke, asitume mtu wala asikutume wewe, amwendee mzee na kumwambia kwa mdomo wake: "Baba, nilikuita mwongo. Nisamehe." Lile neno alilisema mbele ya mwenyekiti, basi na radhi aiombe mbele ya mwenyekiti, hata kama mwenyekiti atajibu kwa mkono. Baada ya hapo ashike kitambaa na maji, afute ule mstari wa chokaa, kwa kuwa bomba liko kwake.

Lakini ukiishia hapo, baba yako ataondoka tu. Utashangaa, hoho imeeleweka, radhi imeombwa, na begi bado liko mlangoni. Lile jambo lako dogo uliloandika mwisho, unalosema hujui kama linahusu, ndilo barua nzima. Mzee amekuja kukaa na mtoto asiyemjua. Hajui umbo lako, alileta magauni yasiyokuenea. Kitu kimoja tu amekipata cha kukupa kila siku, nacho anakupa kabla hajajipakulia yeye, na wewe unakisukuma kwa mwenzako chini kwa chini. Unadhani hajaona? Mtu aliyezoea kuona mpaka umepinda kwa upana wa kidole, asione kijiko cha pilipili kinachohama sahani? Ameona, na amenyamaza, na ameitafsiri kwa namna yake, kama alivyozitafsiri zile hoho.

Mwambie. Usimpitishie kwa mumeo wala kwa gazeti hili, kaa naye na umwambie, "Baba, mimi pilipili sili, inanidhuru tumbo, niliogopa kukuvunja moyo." Atanuna kidogo, muache anune, ni haki yake. Kisha atakuuliza swali ambalo hajawahi kukuuliza tangu uzaliwe, kwamba je, mwanangu, wewe unapenda kula nini? Mjibu kwa kirefu, usiache kitu. Ukimaliza kumjibu, mpe kikapu aende sokoni, na begi lake liondoe mlangoni ulirudishe chumbani.