Nimemfufua Bibi Tausi, na Mama Mkwe Hajui

Mpendwa Mama Martina, shikamoo. Naomba uninusuru kabla mwezi haujaisha, maana nimejiingiza mahali nisipojua pa kutokea, na hapa Misigiri sina mtu wa kumweleza.

Mimi ni mke wa mtu, nina miaka thelathini na moja, nimeishia darasa la saba, nalima alizeti na mtama, na tangu mume wangu Simeoni apate kazi ya reli huko Itigi naishi na mama yake, ambaye ni mwalimu mstaafu, na presha ya macho imemwondolea kuona kabisa. Mama huyu hakuwahi kunipenda, nasema ukweli, miaka tisa alikuwa ananiita "huyu wa Simeoni", lakini mjukuu wake Magreth anayesoma chuo Dodoma alipomletea vile vitabu vya Koo Saba za Giza ikabidi mimi ndiye nimsomee, mwanzoni akapinga, akasema mambo ya mumiani si ya mtu aliyebatizwa, ila tulipofika kitabu cha tatu akawa ananiharakisha nimalize kuosha vyombo.

Kama huvijui, ni vitabu ishirini mpaka sasa, vya wanyonya damu, na vimeandikwa na waandishi wanane wanaopokezana, mmoja akiishia hapa mwingine anaendelea na watu wale wale na sheria zile zile, kwamba mnyonya damu haingii nyumba mpaka apige hodi na akaribishwe, na popote anapoingia anaamkiwa kwa miaka yake halisi hata kama ana sura ya msichana. Kipenzi cha mama ni Bibi Tausi, mwenye miaka mia tatu na kumi, haonji damu ya mjane, na wazee wenye mvi humwambia shikamoo naye huitikia marahaba bila kugeuza shingo, hapo mama hucheka mpaka anajishika mbavu.

Sasa, kitabu cha kumi na sita kinaisha Tausi anakimbilia daraja kabla jua halijachomoza, na katika cha kumi na saba anakufa, jua linamkuta katikati ya daraja. Nilikisoma kwanza peke yangu, tukiwa hospitali, mama ameanguka amevunjika nyonga na kesho yake anaingia operesheni, akanishika mkono akaniuliza, "Tausi amevuka?" Nikasema, "Amevuka, mama." Basi. Tangu siku hiyo ni miezi saba nafungua kitabu, nafunua kurasa, macho yangu yako kwenye karatasi lakini maneno ni ya kwangu, kwa sababu vitabu vilivyofuata havina Tausi hata kidogo, kwa hiyo nimemleta huku kwetu, nimempitisha kando ya ziwa la chumvi, nimempa na shamba la mtama.

Mama Martina, sijui yanatoka wapi. Nafungua mdomo nikiwa sina kitu na Tausi anaanza kutembea, anasema mambo ambayo mimi sijawahi kuyawaza, naogopa, na mama uso ameuinua kama mtu anayesikiliza mvua ya kwanza. Siku Tausi alipomsamehe aliyewaua wanawe, mama alilia, akasema, "Huyu mwandishi ameona kitu. Hebu rudia hapo, mwanangu." Mwanangu! Nami nikashindwa kurudia, kwa sababu hapakuandikwa.

Juzi nikaharibu. Nilimfikisha Tausi kwenye nyumba ya kikongwe mmoja mjane, wa miaka sabini na sita kama mama, na wakati nasimulia nilikuwa namtazama mama pale kwenye kiti chake, mdomo wangu ukakataa kumwingiza mtu yeyote mbele yake bila kumwamkia, nikasema, "Tausi akapiga goti kidogo, akasema shikamoo." Mama akanyoosha mkono. "Simama hapo. Mwenye miaka mia tatu anamwamkia mtoto wa miaka sabini na sita? Waandishi wote hawajawahi kukosea hilo. Ni yupi huyo?" Nikataja jina lililoko kwenye jalada. Akasema, "Magreth akija mwisho wa mwezi atanisomea upya kuanzia cha kumi na saba. Nataka nimjue vizuri huyu."

Magreth amevisoma vyote. Nikisema ukweli narudi kuwa huyu wa Simeoni, tena mwongo, na Tausi anakufa. Au nimwombe Magreth anifichie? Nimekuandikia wewe kwa sababu magazeti humu ndani nayasoma mimi.

Agripina, Misigiri

*

Marahaba, Agripina.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikatafuta kiti, nikaisoma tena. Miaka kumi na tisa niko kwenye ukurasa huu, nimeletewa wenye nyumba ndogo, wagomvi wa mirathi na wachumba waliotoroka, lakini mtu anayeficha kipaji utadhani ameiba kuku, wewe ni wa kwanza. Mwanamke wa alizeti, bila kalamu, anamfanya mwalimu mstaafu alie! Nimestaajabu, na sioni aibu kulisema.

Sasa tuambizane. Ile ya hospitali siihesabu, hata mimi ningesema amevuka. Lakini mama alirudi nyumbani, mshono ukapona, na wewe ukaendelea kufunua kurasa mbele ya mtu asiyeona. Hapo umenikera. Uliendelea kwa sababu ulilisikia lile "mwanangu" na ukaogopa kulikosa. Nakuelewa, miaka tisa ni mingi, ila usiniambie ilikuwa huruma. Na huo ujanja wa magazeti, je, Misigiri nzima ni wewe tu unayejua kusoma?

Kumwomba Magreth akufichie, sahau kabisa. Utamfundisha mtoto wa watu kumdanganya bibi yake.

Fikiria wale waandishi wanane wanafanya nini. Mmoja anampokea Tausi kwa mwenzake, anatembea naye, anamkabidhi mwingine. Nawe umempokea, tena umempokea akiwa maiti ukamtembeza. Tofauti ni kwamba wao wameweka majina yao kwenye jalada, wewe kosa lako umemtwisha mtu asiyejua lolote, na sasa mwalimu mkali anamtafuta!

Kosa lenyewe nimeliwaza siku nzima. Mnyonya damu anayetetemesha koo saba anafika mbele ya mama mkwe wako, anapiga goti. Ulimheshimu huyo mama kuliko sheria za vitabu ishirini. Anastahili kulijua hilo, na alijue kutoka kinywani mwako. Tena usijipe uhakika kwamba hashuku kitu. Mwalimu mzee anamtambua mtoto anayesoma na anayetunga.

Kwa hiyo usimngoje Magreth. Jumapili hii mkishatoka ibadani na mama ameshakula, mwamkie, keti chini karibu naye. Usianze na machozi, yatamfanya akubembeleze kabla hajajua amekosewa nini. Mwambie Tausi alikufa katika cha kumi na saba, na yote yaliyofuata ni yako. Akiuliza nani alikosea ile shikamoo, jibu, "Ni mimi, mama." Usimuulize kama alizipenda hadithi zako. Akikuita huyu wa Simeoni mwezi mzima, itika, pika, rudi ukae. Na ununue daftari kubwa uandike ile siku ya msamaha, ili akikuomba tena urudie usishindwe mara ya pili.

Lakini daftari lisubiri, kwa sababu kuna kitu umemnyima huyo mama, nacho ni msiba. Amempenda Tausi vitabu kumi na sita na hajamzika. Chukua kile cha kumi na saba, umsomee kifo chake neno kwa neno kama kilivyoandikwa. Usimwongezee kivuli pale darajani, usimpunguzie jua. Ukifika mwisho funga kitabu, na hata ikichukua mpaka jioni, wa kwanza kusema awe yeye.