Panya Anayeangushwa na Furaha

Mama mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Mguu unaendeleaje? Na yule ng'ombe, amezaa? Mimi mwili ni mzima, ila moyo haujatulia tangu Baba aniambie kwa simu kwamba mdogo wangu Kagendo hatarudi shule muhula ujao. Najua ni yeye anayekusomea barua hii kwa sababu ya macho yako. Vizuri, naye asikie.

Nilimwuliza Baba kama kweli anampa miraa kila asubuhi. Akanijibu kwa ukali, "Ni kidogo tu, ya kuamsha akili! Analala kwa class, analala kwa shamba. Wewe ulitaka nifanye aje?" Mama, kwetu Kangeta msichana akionekana anatafuna miraa ni aibu ya nyumba nzima, na Baba amekubali kuibeba. Najua anampenda. Lakini amekosea, na imeniuma sana.

Unajua kazi yangu ni kuosha vizimba vya panya wa maabara. Ndiyo, mwanao alipanda ndege kuja kulisha panya! Wiki hii mmoja alipewa kipande cha chokoleti. Akafurahi, mara miguu ikalegea, akaanguka macho wazi. Nilikuwa kama namwona Kagendo siku ile aliyocheka jikoni akaangukia moto, nanyi mkapiga marufuku mzaha mbele yake.

Profesa wetu akanieleza. Ndani ya ubongo kuna chembe zinazotengeneza kitu kidogo kiitwacho oreksini, nacho ndicho humfanya mnyama akae macho. Panya yule hana. Usingizi humvamia bila hodi, na furaha humkata nguvu. Hata binadamu hupatwa na hali hiyo. Nikamsimulia habari za Kagendo. Akasema hawezi kumpima mtu kwa maneno yangu, apelekwe kwa daktari wa ubongo. Dawa za kusaidia zipo. Ya kuponya kabisa bado haipo, na hilo linanikosesha raha.

Tafadhali mwambie Baba huenda si uvivu wala pepo. Aache kumpa miraa, na asimtoe shule kabla hajapimwa.

Nisalimie nyanya, na mjomba wa Runyenjes na kahawa yake.

Na ile marufuku yenu, ifuteni. Kagendo, kaa chini kwanza. Mama, mshike mkono. Umekaa? Sasa rudia pale kwa panya na chokoleti, ucheke.

Wenu,
Mwiti