Mukanda wa Njano

Kasongo, Jumapili

Nimefua kimono ya karate ya Riziki. Ya nini sasa, sijui.

Mutoto huyu akiulizwa jina alikuwa anajificha nyuma ya kikwembe changu. Ni Maître wa karate aliyemufundisha kusimama wima na kutazama mutu mu macho. Mwaka muzima nilimuona Maître huyo kama ndugu yangu.

Leo, mbele ya wazazi wote, akamufungia mukanda wa njano binti ya tajiri wa dhahabu wa Lusangi, aliyekuja mazoezini mara tatu tu. Riziki, aliyemuangusha yule binti mara mbili asubuhi hii, hakupewa kitu. Akatoka mbele, akainama vile walivyofundishwa, akauliza: “Maître, kwa nini?”

Maître akanigeukia mimi. “Mama Riziki, mutoto wako hana adabu. Mufundishe kunyamaza mbele ya wakubwa.”

Yeye! Yeye ndiye anasema hivyo! Na mimi, mujinga, nikaomba samahani.

Njiani tukapita soko. Halafu Riziki akasema:

“Mama, mimi nilimutazama mu macho. Yeye akatazama chini. Na wewe pia.”