Samaki Wamenenepa, Mama Mkwe Anafunga Mizigo

Mshauri mpendwa, naomba msaada wako maana hapa nilipo sijui hata nianzie wapi. Mimi ni mfugaji wa perege, nina mabwawa mawili, la juu liko karibu na jikoni na la chini liko bondeni, na nilisikia kwamba kitunguu saumu kikitwangwa na kuchanganywa kwenye chakula samaki wanakua haraka na hawaugui ovyo, nikasema ngoja nijaribu, nikawa nakitia kwenye chakula cha bwawa la juu tu, la chini nikaliacha na chakula cha kawaida ili nione tofauti. Mwanzoni nilikata tamaa, maana korongo alivamia bwawa la juu kabla sijaweka wavu akala karibu nusu ya vifaranga, lakini waliobaki, mshauri, walinenepa mpaka nikawa nasimama ukingoni nacheka peke yangu! Wa chini wembamba tu, wanagombania chakula. Nikatangaza kila mahali, wafugaji wenzangu wakanibandika jina la Daktari wa Samaki, na Jumamosi hii wameniita niwafundishe.

Sasa juzi namkuta mama mkwe, tunayeishi naye, anarusha kwenye bwawa la juu madonge ya pumba yaliyochanganywa na unga wa kijani. Nikamuuliza, "Mama, unafanya nini?" Akanijibu bila wasiwasi, "Mlonge huu, baba. Nawapa tangu walipokuwa wadogo. Huoni walivyonawiri?" Nikauliza mbona wa juu tu, akasema magoti hayamruhusu kuteremka bondeni. Mshauri, nilipandwa na hasira, nikamwambia ameniharibia kazi na asiguse tena samaki wangu. Tangu hapo anafunga mizigo ahamie kwa shemeji yangu, na mke wangu amesema nikisimama Jumamosi kukisifu kitunguu bila kumtaja mama yake, nisirudi nyumbani. Lakini nikisema ni mlonge, si nitachekwa? Na kama ni vyote viwili? Na kama kimoja kilikuwa kinakizuia kingine na wangenenepa zaidi? Nimechanganyikiwa kabisa. Nikawaambie watu ni nini?

Daktari wa Samaki

JIBU

Daktari, hebu tulia kwanza. Unaniuliza ni kitunguu au ni mlonge, na jibu umeliandika mwenyewe ukalipita bila kulisalimia. Korongo alikula karibu nusu ya samaki wa juu. Waliobaki wakapata nafasi na chakula tele, halafu mama mkwe akawaongezea mlo mwingine, huku wenzao wa chini wakibanana. Hata kwa pumba tupu wangenenepa! Sisemi kitunguu hakifai, wala mlonge, wapo wafugaji wanaovitumia na kuvisifu. Nasema wewe hujui, mkeo hajui, na mama naye hajui.

Pole kwa kuchanganyikiwa, lakini uliyataka. Ukitaka kujua, anza upya: wavu kwenye mabwawa yote mawili, idadi sawa ya vifaranga, kipimo kimoja cha chakula, bwawa moja litiwe kiungo kimoja tu na lingine lisitiwe kitu. Kisha wapime kwa mizani, si kwa kucheka ukingoni. Jumamosi nenda, uwaeleze yote, korongo na mlonge humo humo. Wakicheka, waache wacheke. Ungekisifu kitunguu wakakuamini, wangerudi nyumbani kutwanga vitunguu na kusubiri muujiza, na lawama zote zingekuangukia wewe.

Sasa nije kwenye lililonikera. Mama wa watu, na magoti yake hayo, amekausha majani, ameyatwanga, amefinyanga madonge, amelisha samaki wasio wake, hakumwambia mtu wala hakudai sifa, na wewe uliyebeba sifa zote ukamfokea kama mwizi. Aibu, baba. Kazi gani aliyokuharibia, wakati hata wewe hukujua unafanya nini?

Usimtume mkeo akakuombee msamaha. Nenda mwenyewe, leo, ukae chini umwambie umekosa, na ufungue mizigo hiyo kwa mikono yako. Sifa za wafugaji zitakuja na kuondoka, lakini ukimwacha mama huyu aende, utakuwa umemfukuza mtu aliyewahangaikia samaki wako walipokuwa bado vifaranga, wakati hakuna aliyekuita daktari.