Wa Saba Kati ya Wanane

Tulip Fork, Indiana
19 Januari 1997

Mwanangu Darla,

Salamu kutoka nyumbani. Sisi hatujambo, ukiondoa goti langu, ambalo daktari anasema limepona na lenyewe linasema bado. Mama yako ni mzima, nguruwe ni wazima, theluji imefika kwenye kizingiti. Mama yako anauliza kama unavaa kofia. Nijibu la kofia kwanza, maana ndilo nitakaloulizwa.

Utashangaa kupata barua na simu ipo. Ni amri yake. Baada ya yale ya Krismasi, tulivyopigiana kelele kwenye simu hadi mbwa akaomba kutolewa nje, amesema mimi na wewe tukitaka kuzungumza mpira wa kikapu tuzungumze kwa stempu. Anasema mtu hatukani ovyo akijua atalazimika kulamba gundi.

Basi habari yenyewe. Jana nimetoa redioni utabiri wangu wa ligi ya wasichana wa vyuo. Kama kila mwaka nilikuwa mezani kwenye mgahawa wa Opal, kipaza sauti katikati ya chupa ya ketchapu na bakuli la sukari, na nusu ya mji wakijifanya wamekuja kunywa kahawa. Bingwa nimesema Dunmore. Wa pili Pell. Unajua Pell wamepanda daraja juzijuzi na bado wanatumikia miaka yao ya kusubiri, kwa hiyo hata wakitwaa kombe la ligi hawaruhusiwi kwenda mashindano ya taifa. Wakilitwaa, nafasi wanapewa walioongoza msimu, yaani Dunmore tena. Kwa hesabu hiyo Dunmore nimewapitisha kwa mlango na kwa dirisha.

Ninyi wa Harlan Ridge nimewaweka wa saba kati ya wanane. Usinune. Wasichana wako wanakimbia vizuri, lakini wakipewa mitupo ya adhabu wanatupa kama watu wanaowamwagia kuku mahindi. Wa nane ni Corliss, ambao mchezaji wao mrefu ameolewa akahamia Oregon. Bila ndoa ile ningefikiria upya.

Mama yako ametia soksi kwenye kifurushi. Mimi sikutia kitu, nimetia ukweli.

Baba yako


Harlan Ridge
27 Januari 1997

Baba,

Shikamoo, na goti nalo nalisalimu. Mimi ni mzima. Kofia naivaa, mwambie mama. Soksi zimefika, na ukweli wako umefika kabla ya soksi.

Umefika hivi. Jumanne tulikuwa na kikao na Bwana Fenwick, mkuu wetu wa michezo. Unamkumbuka, yule anayepeana mikono kama anakukabidhi samaki. Akatoa karatasi mfukoni akasoma utabiri wako wote, mbele ya makocha wenzangu wa mpira wa miguu na kuogelea. Alipofika kwetu akavua miwani. "Kocha Tuttle," akasema, "hata baba yako mzazi anawaweka wa saba." Watu wakacheka. Kocha wa kuogelea alicheka hadi akakohoa, na timu yake ina watu wanne.

Kikao kilipokwisha akaniita pembeni. Mkataba wangu unaisha Aprili. Tusipofika mashindano ya taifa mwaka huu, anatafuta kocha mwingine. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekuambia duka linafungwa saa kumi na moja.

Unajua chuo hiki hakijawahi hata kufika fainali ya ligi. Na unajua mimi kazi nyingine siijui.

Baba, sikuombi uongo. Nakuomba kimya tu. Kila Jumamosi unaposoma ubashiri wako wa ligi, ukifika Harlan Ridge kunywa kahawa, kohoa, sema habari za nguruwe. Fenwick anakusikiliza kila wiki. Wachezaji wangu pia. Janelle Yoder, mlinzi wangu yule mfupi, ameniuliza kama ni kweli tunatupa kama watu wanaolisha kuku. Amekulia kati ya kuku huyo, amekasirika kwa niaba yao.

Msalimie mama.

Binti yako


Tulip Fork
2 Februari 1997

Mwanangu,

Hujambo? Sisi tunaendelea. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili mama yako alikuwa amesimama nyuma yangu, kwa hiyo tuseme tatu.

Habari ya Fenwick imenikera. Mtu mwenye masikio mawili angeweza kuyatumia kwa mengine. Lakini kimya sitaweza. Watu wa hapa wananisikiliza kwa sababu moja tu, simpendelei mtu. Mwaka ule nilipomweka chini mpwa wa mchungaji, mchungaji mwenyewe alikuja kunishika mkono, ingawa hakuushika sana. Nikianza kukohoa nikifika kwa binti yangu, Opal atanidai pesa ya dawa.

Halafu nikuambie jambo ambalo wazazi wengine wangelificha: sikuwaweka wa saba kukutia hamasa. Usinivishe wema nisiokuwa nao. Nimewatazama, nimepiga hesabu, nikaona saba. Ningeona nane ningesema nane.

Ila hili nalitoa. Mkifika mashindano ya taifa, kwa njia yoyote ile, nampa Opal kipaza sauti na sitabiri tena mpaka nife. Nimelisema redioni, kwa hiyo Fenwick amelisikia.

Mama yako amesoma hapo juu akasema, "Verlin, mtoto amekuomba kahawa, wewe umempa siki." Ameondoka na pai. Naandika nikiwa sina pai.

Baba yako


Harlan Ridge
Jumapili asubuhi, 9 Machi 1997

Baba,

Natumaini mko salama. Mimi ni mzima wa mwili. Sikukuandikia mwezi mzima kwa sababu kila nilipokaa kuandika nilikuwa na neno moja tu, na mama angelifuta.

Mengine umeyasikia redioni. Tulimaliza msimu tukiwa wa sita, nikakaa kimya. Tukaingia mashindano ya kombe la ligi tukamtoa wa tatu, nikakaa kimya. Ijumaa, nusu fainali, tukawatoa Dunmore, Dunmore wako wa mlango na dirisha, na Janelle alitia mitupo tisa ya adhabu bila kukosa hata mmoja. Hapo nilitaka kukupigia simu nikukoholee sikioni.

Halafu jana fainali na Pell. Tuko nyuma kwa pointi moja, mpira mkononi mwa Janelle, saa inaisha. Akautupa. Ukazunguka pete, ukazunguka tena, ukachungulia ndani kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani, ukatoka.

Pell wakaleta ngazi. Unajua tena, bingwa hupanda akakata wavu, kila mchezaji kamba yake. Sisi tulisimama tukatazama, maana ndiyo adabu. Wasichana ambao hawaendi popote walikata wavu wakilia kwa furaha, na wangu walilia vilevile. Mtu asiyejua asingeweza kuwatofautisha.

Kocha wa Dunmore alikuwa amebaki kutazama. Akaja akanikumbatia, akasema, "Safari njema, Darla." Nilidhani amesikia habari ya Aprili. Nikamjibu neno ambalo mama asiulize.

Basi umepatia. Pell hawaruhusiwi, walioongoza msimu ni Dunmore, na jioni watatangazwa kama ulivyosema tangu Januari. Wasichana nimewaaga kwenye basi. Funguo za ukumbi nimemkabidhi msimamizi wa jengo asubuhi hii. Leo jioni wengine wakitazama majina kwenye televisheni, mimi nitakuwa kwenye mashine za kufulia za mtaani na sare kumi na mbili. Nitazirudisha safi. Sitaki Fenwick apate la kusema hata kuhusu sabuni.

Sikulaumu. Ungekuwa umekosea ningekulaumu.

Binti yako


Tulip Fork
Jumanne, 11 Machi 1997

Darla,

Barua yako ya Jumapili imefika leo. Nimepata barua ya maiti, na mwenyewe yu hai.

Simu yako Jumapili ililia bila mtu, kisha ikawa na watu usiku kucha. Kwa hiyo nakuandikia ilivyokuwa huku.

Jumamosi baada ya fainali niliwaambia wasikilizaji, kwa sauti yangu yenyewe, ni Dunmore. Mtu mmoja akapiga simu kituoni akasema anadhani sheria imebadilika. Nikamwambia arudi akalale. Jumapili jioni tukajaa kwa Opal, televisheni juu ya kabati la pai. Namba moja wa kanda yetu wakatajwa, watu wakaguna kwa heshima. Kisha likatoka jina la atakayecheza nao, namba kumi na sita, ya mwisho: Harlan Ridge.

Kijiko cha mtu kilianguka, hakuna aliyekiinamia. Mimi nilidhani televisheni imekosea, maana nimeshaiona ikikosea mvua. Opal akanitazama.

"Verlin, huyo si mtoto wako?"

"Ni mtoto wangu."

"Mbona una uso wa mfiwa?"

"Haiwezekani, Opal."

"Limeandikwa, baba. Kwa herufi kubwa."

Nikaenda kwenye simu ya ukutani nikampigia karani wa ligi nyumbani kwake, nikamkatiza chakula. "Mzee Tuttle," akasema, "sheria ilibadilishwa Mei. Bingwa asiyeruhusiwa akitwaa kombe, anakwenda aliyecheza naye fainali. Makocha wote walipiga kura, ila mmoja hakuja kikaoni."

Mei, Darla. Mei nilikuwa hospitalini wakinifungua goti, na wewe ulikaa kando ya kitanda ukinilisha jeli ya kijani ambayo sote wawili hatukuipenda. Kwa hiyo goti langu ndilo lililokuficha sheria. Nalo bado halijapona. Halina aibu.

Nilirudi mezani nikakaa. Watu walikuwa wanapiga makofi, wananipiga mgongoni, na mimi nikaona meza inasogea. Miaka yote hii nimewaambia watu hawa nani anakwenda wapi, na sikujua mtoto wangu anakwenda. Mama yako alinikuta ndani ya gari, ufunguo mkononi, siendeshi. Akasema, "Sogea." Akaendesha yeye.

Ahadi ni ahadi. Kipaza sauti kiko kwa Opal, kando ya ketchapu. Jumamosi ataanza yeye, na ameniambia atazipanga timu kwa uzuri wa sare.

Utabiri wangu wa mwisho, basi, nakupa wewe peke yako: mtafungwa kwa pointi arobaini. Namba moja wana wasichana ambao wanainama kupita milangoni.

Ila mabingwa hukata wavu, na ninyi mmekwenda bila kukata. Humo ndani ya bahasha kubwa kuna wavu wa ghalani, ule wa juu ya mlango, uliokuwa ukiutupia hadi ng'ombe wakakataa kutoa maziwa. Nimepanda ngazi mwenyewe, mama yako akiishika na kunisema toka ya kwanza hadi ya juu. Nimeukata kwa mkasi wake wa vitambaa. Hajajua ni mkasi upi. Ukipiga simu, usiutaje.

Baba yako


Harlan Ridge
16 Machi 1997

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sote wazima, tumerudi jana. Mama mpe pole ya mkasi, amenipigia tayari.

Jumapili ile nilikuwa nimekaa juu ya mashine ya tatu kutoka mlangoni, sare zikizunguka, nikitafuta sarafu nyingine ya robo dola. Mlango ukafunguka, Janelle akaingia hana koti, kiatu mguu huu chekundu, mguu huu cheupe. Nikamuuliza, "Nani amekufa?" Akasema, "Kocha, ni sisi." Nikabaki nimekaa pale pale. Wenzake walipofika wakatukuta tumeshikana mikono, na bibi mwenye mashine akatuletea maji akidhani ni msiba.

Ile karatasi ya sheria mpya, Baba, ililetwa. Niliikuta Jumatatu chini ya kapu la mipira. Niliiona mwaka jana, nikasoma kichwa, "Kuhusu timu zitakazofika fainali," nikaona haituhusu. Fenwick naye anayo nakala yake. Naye aliona haituhusu. Jumatatu alinikuta nje ya ukumbi na timu nzima, tunafanya mazoezi kwenye maegesho ya magari kwa sababu funguo nilizirudisha. Akaenda kuzileta mwenyewe. Kumwona akienda kunichukulia funguo, nilisikia fahari.

Kikapu cha kwanza cha mchezo kilikuwa chetu. Kwa muda wa chafya moja tuliwaongoza wakubwa wa taifa, na mashabiki wao wakanyamaza kama kwa Opal kijiko kilipoanguka. Kisha wakaamka. Ulisema arobaini. Tumefungwa kwa arobaini na moja. Hata hapo umekosea.

Baada ya mchezo tuliweka kiti katikati ya chumba cha kubadilishia, Janelle akapanda akaushika wavu wa ghalani juu, mmoja mmoja wakakata. Umeoza, Baba, unanuka ng'ombe. Hakuna aliyeacha kipande chake. Chako nimekirudisha humu, cha mama nimekifunga kwenye mkasi mpya.

Fenwick amenipa miaka mitatu. Amenipa mkono pia, ule ule wa samaki.

Sasa ahadi yako. Uliitoa kuhusu timu yangu, kwa hiyo ni yangu kuifuta, na nimeifuta. Nimemsikiliza Opal jana kwa simu, mama akiiweka kando ya redio. Ametupanga wa kwanza kwa sababu ya rangi ya kola. Wasichana wamesikia, wameshaanza kuchelewa mazoezini.

Nenda kamnyang'anye kipaza sauti. Mwakani tuweke wa saba.

Binti yako